Kondansateri ya Udongo katika Pedali ya Baba

Watu wa sono, wale wanaozunguka na spika kubwa na nyaya za rangi, wakikuta pedali yangu imefunguliwa mezani hunihubiria kabla ya kunisalimu. "Mama, hii ya udongo haifai hapa, weka ya plastiki." Najua. Nilijua kabla baadhi yao hawajaota meno. Kondansateri ya udongo haiwekwi mahali sauti ya gitaa inapoingilia, kwa sababu pale inaleta kelele, na mimi mwenyewe nawaambia hivyo wanaokuja kujifunza kwangu. Lakini moja niliiweka palepale, kwa makusudi, tena niliichagua mbovu kuliko wenzake wote waliokuwa mfukoni. Nitaeleza kwa nini. Asiyeridhika abaki hivyo hivyo.

Mimi natengeneza redio mjini Kasongo. Nina meza yangu sokoni, kati ya mama anayeuza mawese na mzee anayeuza kamba. Kazi nilifundishwa na baba yangu, ambaye hakuwa fundi. Alikuwa mpiga gitaa, lakini kwetu mpiga gitaa asiyejua kulehemu anapiga harusi mbili, ya tatu anabaki kuitazama amplifaya yake kama mgonjwa asiyepona. Alipiga solo katika orkestra ya mjini tangu sijazaliwa. Harusi za Waislamu, harusi za Wakristo, sherehe za wachimba dhahabu kule Lusangi, wote aliwachezesha, na alfajiri alitangulia msikitini kuliko waliolala mapema. Wapo waliomsema kwa hilo. Aliwajibu kwamba vidole alipewa na Mungu, na mwenye navyo akivitaka atavichukua.

Pedali, kwa asiyewahi kuiona, ni kisanduku cha kukanyagwa kwa mguu. Gitaa linaingia upande mmoja na sauti nyembamba, linatoka upande wa pili limenenepa na kukwaruza kidogo, kama mtu aliyekula pilipili. Zangu nazijenga ndani ya makopo ya maziwa ya unga. Humo ndani kuna vidude vyenye miguu miwili, ndizo kondansateri. Zinauzuia umeme wa betri usivuke, zinaiacha sauti ipite. Na sauti ikipita ndani ya kitu huchukua tabia ya kitu hicho, ndiyo maana fundi anachagua.

Kuna zile za kopo, zenye chanya na hasi. Ukizigeuza zinakupasukia usoni. Mimi nimepasukiwa, nyusi zangu zilichukua mwezi kurudi. Hizo naziweka kwenye njia ya betri tu, tena mpya, kwa sababu ndani yake mna majimaji yanayokauka, na ukiitoa kwenye redio kuukuu umetoa ganda. Kuna za plastiki, nene, nazitoa katika matumbo ya televisheni zilizokufa. Hizo ni za heshima: zinapitisha sauti bila kuongeza neno. Halafu kuna za udongo uliochomwa, vidonge bapa vya kahawia, vinakuja kutoka Bukavu vimejaa mfuko na haviharibiki upesi. Kasoro yake ni moja. Ukiigonga, inaugeuza mshindo ule kuwa umeme, na kwenye spika unasikia "tok".

Wageni wakisikia neno kondansateri na neno Maniema, mkoa wetu, kwa pamoja, wanaanza kunisikitikia habari za madini ya koltani. Eti kuna kondansateri za tantali, tone dogo la njano, zinatoka katika mawe ya kwetu, basi nizitumie hizo, ni haki yangu. Ninazo mbili. Ukikosea miguu yake zinawaka moto. Siwezi kuweka kitu kinachowaka chini ya mguu wa baba yangu ili mgeni apate cha kusimulia.

Baba alianza kuwa kiziwi polepole, na mimi niligundua kwa adhana. Siku zote aliinuka neno la kwanza likiwa bado hewani. Alasiri moja alikuwa barazani akibadilisha nyuzi, adhana ikalia, hakuinua kichwa. Jirani alipopita amevaa kofia yake ndipo Baba naye akaweka gitaa chini, akajifanya alikuwa anamalizia uzi. Nikaanza kumchunguza. Kwa muda wa mwezi mzima alikwenda msikitini kwa kutazama miguu ya majirani.

Nilimkalia mbele nikamuuliza, midomo yangu aione. Alikana. Kisha akalia, baba yangu, mtu niliyemwona akicheka hata siku tuliyoibiwa amplifaya. Aliniapisha nisimwambie mtu, hata mama.

"Mupiga gitaa kiziwi ni kichekesho," alisema. "Watanicheka mpaka ku kaburi."

Niliapa. Nilikuwa na hasira na masikio yake, na yeye mwenyewe kwa kunificha, na Mungu kidogo, na sioni sababu ya kuficha hilo.

Vidole vyake havikupoteza kitu. Nyimbo zote zilikuwa mle, angeweza kuzipiga amelala. Kilichopotea ni wakati: hakusikia ngoma inaanza wapi na mwimbaji anaishia wapi. Alijaribu kumtazama mpiga ngoma, lakini mpiga ngoma hukaa nyuma, na kiongozi alimkanya asiwape wageni mgongo. Katika harusi moja kule Nyangwe alianza sebene, ile sehemu ya gitaa ambayo watu wote huisubiri wacheze, na mwimbaji bado yuko ubeti wa pili. Watu walidhani amelewa. Baba yangu hajawahi kuonja pombe.

Mwimbaji huyo ndiye kiongozi wa orkestra, na gitaa lake la kwanza alifundishwa kulishika na Baba. Alikuja nyumbani, akanywa chai, akasema kwa sauti ya upole ule unaoudhi:

"Papa, tunaenda Kabambare kwa harusi ya muuza dhahabu. Ukikosea tena, gitaa tutamupa mwingine. Si kwa ubaya. Ni kazi."

Baba alicheka, akamwitikia kwa kichwa. Mgeni alipoondoka aliniuliza, "Alisema Kabambare?"

"Ndiyo."

"Na alisema ni ya mwisho?"

"Ndiyo."

Alichukua gitaa lake akalifuta vumbi ambalo halikuwapo.

Mimi sikukubali. Nilikwenda mezani kwangu nikafanya kosa ambalo fundi yeyote mzuri angelifanya: nilidhani anahitaji sauti safi zaidi. Nikajenga pedali ya plastiki tupu, kila kondansateri imetoka kwenye televisheni ya maana, miguu imenyooshwa, nimelehemu kwa adabu. Ilipendeza. Baba akaiunganisha, nikasimama nyuma yake nikampigia mapigo juu ya beseni. Kufika ubeti wa pili alikuwa ameshaniacha nyuma kwa hatua nne. Usafi wote ule ulikuwa wa mimi mwenye masikio.

Siku ya pili mguu wa kondansateri ya kwanza, ile ya mlangoni, gitaa linapoingilia, ulikatika. Mfukoni nilikuwa na za udongo tu, nikachomeka moja ishike nafasi. Baba alikuwa ameketi juu ya spika yake. Amekalia spika tangu ujana, anasema kiti kinafanya vidole vivivu. Akakanyaga kopo kwa kisigino. Spika ikasema tok. Nikakunja uso. Baba akainuka nusu, akaketi tena, akakanyaga mara ya pili.

"Hii ni nini?"

"Ni kosa, Baba. Ngoja niitoe."

"Usiguse." Akagonga tena kwa kisigino, na tena, na tena. "Naisikia mu mifupa."

Basi hapo ndipo nilipoanza kuchagua kweli. Nilimwaga mfuko mzima wa za udongo juu ya mkeka, na kwa alasiri tatu tukazijaribu moja baada ya nyingine pale mlangoni, ambapo sauti ingali ndogo na nguvu yote ya pedali inaizidisha. Mimi naligonga kopo kwa gunzi la mahindi, yeye amekalia spika amefumba macho, akihisi kitu anainua kidole. Zilizokaa kimya, ambazo fundi mwingine angezibusu, nilizitupa kando. Mama alipita akatutazama, akauliza kama tumerogwa. Siku ya tatu tukaipata moja yenye pembe iliyomeguka kidogo. Hiyo hata kuku akipita karibu na kopo ilimtangaza. Baba aliinua vidole vyote kumi.

Nikailehemu pale. Kwenye mlango wa kutokea niliweka ya plastiki, kelele zisizae kelele nyingine, na kwenye njia ya betri kondansateri ya kopo, mpya, inayohimili volti nyingi kuliko zinazohitajika. Kisha nikalipigilia kopo misumari juu ya ubao mrefu, na mwisho wa ubao uleule tukaweka ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu. Mpiga ngoma akikanyaga, mshindo unapita ubaoni, unafika kwenye kopo, udongo unaupokea, spika inaupeleka mgongoni kwa Baba. Wageni wangesikia ngoma iliyonenepa tu. Mpiga ngoma tulimwambia ubao ni wa kuzuia ngoma yake isiteleze, akashukuru sana.

Tulikwenda Kabambare kwa pikipiki, ubao umefungwa kwa kamba, na dereva analalamika njia nzima kwamba unamchapa magoti. Tulipopumzika Wamaza, mama mmoja aliyekuwa anaanika muhogo aliuliza kama tumebeba ubao wa jeneza. Nikamwambia ni wa kumzuia mtu asiingie humo mapema. Alicheka bila kuelewa, na mimi nikacheka naye.

Muuza dhahabu hakuwa mtu wa mambo madogo. Alikuwa ameagiza mtu wa sono kutoka Bukavu, kijana mwenye spika ndefu kuliko yeye, na jenereta lake. Kijana alikuwa na adabu, hilo nakubali. Alitusalimia vizuri, akamwita Baba mzee, akapanga nyaya zake kwa mstari. Niliupanga ubao na ngoma mahali pake, Baba akaenda kuswali, nami nikaenda nyuma kwa akina mama waliokuwa wanapika, nikanawa vumbi la njia, nikapewa sahani. Niliporudi wageni walikuwa wameketi na kiongozi ameshashika maikrofoni.

Wimbo wa kwanza Baba, amekalia spika yake kama kawaida, aliuanza vizuri, kwa sababu anayeanza ni yeye. Ngoma ikaingia. Nikaona uso wake. Alikanyaga ubao kwa kisigino, kidogo, kama mtu anayebisha hodi. Akakanyaga kwa nguvu. Spika haikusema kitu. Vidole vikaendelea, lakini vilikuwa vinakwenda peke yao, na kiongozi akafika mwisho wa ubeti akamkuta Baba yuko mbali mbele. Kiongozi akageuka kumtazama. Wachezaji wakasimama mmoja mmoja. Wimbo ukafa katikati.

Nilipanda jukwaani nikaliinamia kopo. Waya wa mfuniko niliokuwa nimeufunga kwa fundo langu ulikuwa umefungwa kwa fundo la mtu mwingine.

"Nani alifungua hii?"

"Mimi, mama," kijana wa sono akasema, na alikuwa anatabasamu. "Wakati wa kupima ilikuwa inapiga kelele. Uliweka ya udongo ku mulango. Nimekuwekea ya plastiki, muzuri kabisa. Siombi kitu."

"Irudishe."

"Lakini mama, ile iko mubovu."

"Nimesema irudishe!"

"Inasikia hata miguu ya watu! Fundi gani anaweka hiyo?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilitaka kumnyonga kijana wa watu, ambaye kosa lake lilikuwa kuijua kazi. Kiongozi akaja, jasho linamtoka, bwana harusi anatutazama.

"Mama fundi, kuna nini? Pedali iko muzuri, nimeisikia. Mwenye kukosea ni mzee."

"Pedali ndiyo mbaya."

"Iko mbaya namna gani? Eleza."

Kueleza ni kumwaga siri ya Baba mbele ya harusi nzima, na kunyamaza ni kumpokonya gitaa. Nilisema tu, kama mpumbavu, kwamba naitaka ile ya udongo, kwamba hakuna atakayepiga mpaka irudi, kwamba mwenye pedali ni mimi. Kiongozi alitikisa kichwa. Akamwita mpiga besi aje ashike gitaa la solo.

Baba hakusikia hata neno moja la hayo. Lakini alimwona mpiga besi akija, aliniona mimi nimelikumbatia kopo, akaelewa yote. Alisimama kutoka kwenye spika, akaliacha gitaa pale. Akampita kiongozi, akaichukua maikrofoni kutoka mkononi mwake, na kwa sababu hajui tena sauti yake ina ukubwa gani, alipiga kelele hata mbuzi wa jirani wakakimbia.

"Munisamehe! Mimi masikio yangu ilikufa. Iko mwaka ya tatu sasa. Sisikii adhana, sisikii mwimbaji, sisikii hata hii yenye niko nasema. Huyu mutoto wangu alinitengenezea kitu ya kunipa ngoma mu mifupa. Kijana akaitoa, hakujua, musimutukane. Sasa inarudi. Na mwenye hataki kucheza na kiziwi, njia iko pale!"

Alionyesha njia kwa mkono.

Hakuna aliyecheka. Miaka yote ile aliogopa kicheko, na kicheko hakikuja. Kijana wa sono alifungua kisanduku chake, akatoa kidonge changu chenye pembe iliyomeguka, akakiweka kiganjani mwangu. Nilikwenda kwa akina mama nikaomba makaa, kwa sababu pasi yangu ya kulehemu ni ya kupashwa motoni. Nikapiga magoti juu ya ubao mbele ya wageni wote, bwana harusi na bibi harusi wakiwa wamesimama wanatazama. Kijana akapepea makaa kwa mfuniko wa sufuria. Niliitoa plastiki yake nzuri nikamrudishia. Nikaweka ya udongo, nikalehemu mguu wa kwanza, nikalehemu wa pili, nikapuliza.

Baba akaketi juu ya spika. Akagonga kwa kisigino. Tok, zikasema spika zote za Bukavu.

Ndipo kiongozi akaja kumwinamia. Macho yake yalikuwa mekundu, na sauti ilikuwa ileile ya upole.

"Papa, pole sana. Kama ningejua. Pumzika leo. Gitaa umupe mwingine, sisi tutakuheshimu palepale."

Alisema kwa huruma ya kweli, na huruma ile ilikuwa ndiyo kaburi alilochimbiwa. Baba alitazama midomo yake, lakini kiongozi alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu, na midomo haikuonekana. Akanigeukia.

"Anasema nini?"

Kiongozi alinitazama. Mpiga besi alinitazama, gitaa la solo limeshamning'inia nusu shingoni. Kijana wa sono, bwana harusi, akina mama waliokuwa wamefuata makaa yao, wote walikuwa karibu na wote walikuwa na masikio mazima.

Nikamvua mpiga besi lile gitaa, nikamkabidhi mwenyewe, nikamwinamia Baba uso kwa uso ili asikose hata neno.

"Anasema uanze."